Safi na Fifi

Baba alilalia mto mgumu. Kwetu mto wa pamba hushonwa kwa pamba iliyotolewa mbegu kwa vidole, moja moja, kazi ya kina mama siku ambazo mvua haiwaruhusu kwenda shambani. Mto wa baba ulikuwa na mbegu zake zote. Ukiuwekea shavu ulihisi umelalia gunia la kunde. Nilipoanza kujitegemea nilimnunulia mto wa sponji dukani Bariadi mjini. Alishukuru, na wiki iliyofuata nikakuta amempa mgeni. Nikaleta wa pili, akaufanya wa kukalia. Sikuleta wa tatu. Nilijiambia kwamba wazee wana ukaidi wao, nikaacha kuufikiria.

Alipofariki, watu wa msibani walipokwisha kutawanyika, mama alitoa godoro na ule mto akavianika uani. Ilikuwa saa sita. Jua la kwetu baada ya mavuno ni kali. Mto ulipata moto, na mbegu zilipopata moto zikaanza kutoa harufu ya mafuta na vumbi, na nyuma yake harufu nyingine iliyokaribia mkate uliochacha. Nilikuwa nimekaa hatua tano hivi kutoka hapo. Mara nikawa nimerudi kwenye chumba cha pamba cha nyumba yetu ya zamani, katika kijiji kilichoko mbele kidogo ya Nkololo, na dada yangu Kabula ameketi juu ya turubai, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele.

Nataka kuyaandika kwa mpangilio. Kwa miaka mingi nimeyakumbuka vipande vipande, na vipande hudanganya.

Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la kijiji. Alilima kama wengine wote, pamba na mahindi, na alikuwa na redio ya betri nne ambazo zikichoka alizianika juani ili zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Jioni, kabla jua halijazama, aliketi kwenye kigoda akasikiliza taarifa ya habari, sisi watoto wawili tumekaa chini mbele yake. Taarifa ikiisha alizima upesi, akatugeukia, akauliza swali lake lilelile: "Somo liko wapi?"

Redio ilikuwa imesema, kwa mfano, kwamba daraja fulani limesombwa na maji. Tulifikiri. Kabula alijibu, "Labda waliolijenga waliweka mchanga mwingi na simenti kidogo. Na mtu akisali kwa mazoea tu, anaweka mchanga." Baba alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, akasema, "Umeliona." Hiyo ndiyo ilikuwa tuzo yetu. Hakusema vizuri sana, hakupiga makofi. Alisema "umeliona", na aliyeambiwa alilala na furaha. Ukikosea alisema, "Bado. Tafuta tena."

Redio haikuwa chanzo pekee. Kuku aliyeatamia mayai ya bata alikuwa na somo. Mnyororo wa baiskeli uliokatika njiani kwenda mnadani ulikuwa nalo, na bei ya sabuni iliyopanda pia. Kijiji kizima kilijua tabia hiyo. Jirani yetu Masunga, mtu wa mizaha ambaye hakuingia kanisani ila kwa harusi na mazishi, alimsimamisha baba siku moja njiani.

"Mwinjilisti, jana jioni nimejikwaa kwenye kisiki, ukucha wote umeng'oka. Somo liko wapi?"

"Upunguze pombe," baba akamjibu bila hata kushuka kwenye baiskeli.

"Umeliona!" Masunga akapiga kelele, akacheka mpaka akashika mti.

Mimi nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Niliamini kwamba mambo hutokea ili somo lipatikane. Sikufikiri kwamba baba alikuwa akichota maana kutoka kwenye tukio. Nilifikiri maana ilikuwepo kwanza, na tukio lilitumwa kuileta, kama mtoto anayetumwa na barua. Niliamini kwamba huko Dar es Salaam yupo mtu anayechagua habari kwa ajili ya kanisa letu. Nilipomwona mbwa wa jirani amekanyagwa na mkokoteni wa ng'ombe nilimhurumia kidogo tu, kisha nikaanza kutafuta. Tukio lisilo na somo sikuwahi kulisikia.

Kabula alinizidi miaka minne. Homa ya utotoni ilikuwa imeusinyaza mguu wake wa kushoto. Alitembea kwa fimbo, akiuvuta mguu huo nyuma yake. Kwa hiyo hakuchuma pamba. Sisi tulipokuwa shambani yeye alibaki kwenye chumba cha pamba, na kazi yake ilikuwa kutenga safi na fifi.

Kwa wasioyajua hayo, nieleze. Pamba safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na jani wala ganda la kitumba. Pamba fifi ni ile iliyotiwa doa la manjano na wadudu tunaowaita kangambili, au iliyopigwa na mvua, au yenye takataka. Enzi za ushirika kila mkulima alitenga mwenyewe nyumbani, kisha akapeleka magunia yake kwenye gulio, safi mbali na fifi mbali. Karani wa chama aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka begani, akachomoa pamba ya katikati kabisa, akaitazama mwangani. Akikuta fifi ndani ya safi, gunia linarudi nyumbani, na mwenye gunia anarudi nalo mbele ya watu wote. Gunia lililopita mikononi mwa Kabula halikuwahi kurudi. Vidole vyake vilijua doa kabla ya macho.

Baba alilichukua jambo hilo akalifanya somo lake kubwa. Alisema Mungu anatenga, na mkono wake unafika katikati ya gunia. Jumapili moja ya mavuno alimketisha Kabula mbele ya kanisa, juu ya mkeka, na lundo la pamba mapajani. Baba alihubiri, Kabula akatenga. Hakusema neno wala hakuinua uso. Mahubiri yalipokwisha palikuwa na malundo mawili, moja kulia na moja kushoto, na kina mama wa kwaya walikuwa wakifuta machozi. Baba hakuongeza kitu. Alionyesha tu kwa mkono.

Tangu siku hiyo nilitenga kila kitu. Mahindi, mbuzi, wanafunzi wa darasa letu, meno yangu mwenyewe kwenye kipande cha kioo. Kila kitu kilikuwa safi au fifi, na sikuona sababu ya kuwa na upande wa tatu. Mguu wa Kabula niliuweka upande wa fifi. Sikumwambia mtu. Sikumchukia dada yangu. Nililala naye kitanda kimoja na kumbebea maji. Lakini doa lilikuwa doa, na nilifundishwa kuliona.

Kisha jioni moja redio ikasema kwamba sasa serikali imewaruhusu watu binafsi kununua pamba. Baba alizima. "Somo liko wapi?"

Niliwahi mimi. "Mungu amefungua mlango mwingine."

"Umeliona," baba akasema, na nikamtazama Kabula kwa majivuno.

Msimu huo malori yakaja mpaka kijijini, jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Wanunuzi walitundika mizani kwenye miti mitatu iliyoegemezana, karani wao akiwa kijana mwenye kofia, na hakuna aliyeingiza mkono ndani ya gunia. Bei ilikuwa moja. Watu walitenga msimu wa kwanza kwa mazoea. Msimu wa pili wengi waliacha, na wengine walinyunyizia maji ili gunia liwe zito, au walitia mchanga. Pamba yenye maji huchemka yenyewe ndani ya gunia. Ukipita karibu na lori lililosimama ulisikia harufu yake.

Baba hakuacha. Kila Jumapili alisema, "Karani ameacha kutenga. Mungu bado anatenga." Kanisa likaizoea sentensi hiyo, akitamka nusu ya kwanza, watu wanamalizia ya pili. Nyumbani Kabula aliendelea kutenga kama zamani, na nadhani ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kama kutenga kungekwisha, asingekuwa na kazi nyingine.

Masunga alimfuata baba uani. "Mwinjilisti, unamtengea nani? Pamba yako safi inapanda lori moja na yangu fifi, zinalaliana mpaka Malampaka kwenye treni, na sijasikia zimegombana."

"Sitengi kwa ajili ya lori, Masunga."

"Basi lori likuache."

Alikuwa akitania.

Siku yenyewe ilianza kwa Kabula kuamka na homa. Mama alimpa klorokwini na aspirini, na uji ambao hakuumaliza. Mchana akaanza kutoka jasho jingi, kisha akapoa. Akasema kichwa kimetulia. Akajikokota mpaka kwenye chumba cha pamba, kwa sababu gunia la mwisho la safi lilikuwa limefika nusu.

Saa nane lori likaja. Masunga alikuwa juu yake tayari, amekalia pamba yake, anasindikiza mzigo. Karani kijana akaruka chini.

"Mwadila, mzee."

"Mwadila, kijana."

"Pamba iko wapi? Mwageni tupime, jua linakwenda."

"Binti yangu hajamaliza kutenga."

"Kutenga nini?"

"Safi na fifi."

Karani alicheka, lakini si kwa ubaya. "Mzee wangu, hayo yalikuwa ya ushirika. Sisi tunanunua pamba. Nyeupe pamba, njano pamba."

"Mwambie, kijana!" Masunga akasema kutoka juu. "Sisi tumemshindwa!"

Mama akatoka ndani akijifuta mikono kwa khanga. Mama hakuwa mtu wa kusema mbele ya wageni. Siku hiyo alisema. "Baba Kabula, mtoto ameamka na moto. Lori linakwenda Bariadi. Wamchukue wampeleke hospitali, pamba ibaki."

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Hospitali ya pale Somanda? Napita karibu nayo. Mama na mtoto wakae mbele hapa, sihitaji nauli. Fanyeni haraka tu."

Baba aliingia kwenye chumba cha pamba, mimi nikamfuata. Alimwekea Kabula kiganja kwenye paji la uso. Nilikuwa karibu nikaona paji linang'aa kwa jasho. Baba alimgusa shingoni, kisha akatabasamu.

"Amepoa," alisema. "Homa imemtoka. Mnaona? Kabula, unajisikiaje?"

"Sijambo, baba. Limebaki kidogo tu. Nikimaliza nitalala."

"Homa hurudi," mama akasema mlangoni.

"Amepona, mama Kabula. Na bado hajamaliza."

Nimeyarudia maneno hayo mawili mara nyingi, bado hajamaliza. Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kwa fahari, kama mzazi ambaye mtoto wake yuko kwenye mtihani.

Akatoka kumwambia dereva. Dereva akasema, "Sawa, mzee, lakini kesho naelekea Malampaka. Huku sirudi mpaka wiki ijayo."

"Tutangoja wiki ijayo."

"Mama?" dereva akauliza, akimwangalia mama.

Mama alimwangalia baba. Kisha akatazama chini. Lori likaondoka, na Masunga akatupungia mkono kutoka juu ya pamba.

Kabula alimaliza jua likielekea kuzama. Alifunga mdomo wa gunia mwenyewe kwa kamba ya katani, akalipigapiga ubavuni. "Hili hata karani wa zamani angeingiza mkono akautoa mtupu," alisema. Baba alicheka kwa sauti. Jioni ile redio haikuwashwa. Betri zilikuwa zimekufa.

Usiku wake sitausimulia. Asubuhi Kabula hakututambua. Mwili ulikuwa unakaza na kulegea, unakaza na kulegea. Baba alimfunga mgongoni kwa khanga mbili, mtu wa miaka kumi na tatu, akapanda baiskeli, na mama akawafuata kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia. Mimi niliachwa kwa mke wa Masunga. Ninayoyaeleza kuanzia hapo aliniambia mama, tena baada ya miaka mingi. Muuguzi aliuliza homa ilianza lini. Baba akasema, jana asubuhi. Muuguzi akarudia, "Jana?" Hakumlaumu. Aliandika tu kwenye karatasi, akakimbilia maji ya kutundika. Walifanya waliloweza. Kesho yake mchana walirudi na gari la muumini mmoja, na nilipomwona mama ameketi nyuma, wazi kwenye jua, bila kujifunika kichwa, nilijua.

Siku tatu baada ya mazishi walikuja wazee wa kanisa, saa tisa hivi alasiri. Waliketi kwenye mabenchi uani. Waliimba, wakaomba. Kisha mzee mmoja, mtu mpole kabisa, akasema, "Mwinjilisti, wewe ndiye uliyetufundisha kutafuta. Hata hili litakuwa na neno lake. Tunakusikiliza wewe."

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Akasema, "Sijaliona."

Waliendelea kungoja. Hawakuwa na nia mbaya; walikuwa wamezoea kwamba akisema bado, hutafuta tena, kisha hulipata. Baba alitazama mikono yake. Nilimwona kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, darasa zima linamtazama, na chaki haiendi. Sikuwahi kumwona hivyo. Niliona aibu kwa ajili yake, na nikataka kumsaidia. Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitafuta siku zote tatu, peke yangu, nyuma ya nyumba, kwa bidii ambayo sijawahi kuiweka kwenye kitu kingine.

"Mimi nimeliona, baba," nikasema.

Akainua macho. "Sema, ng'wanone." Ndivyo alivyoniita akiwa na upendo, mwanangu, kwa lugha ya nyumbani.

Nikasimama kama tulivyofundishwa kusimama. "Mungu bado anatenga," nikasema. "Kabula alikuwa fifi, kwa sababu ya mguu. Ametengwa."

Mzee aliyeuliza akaweka mkono usoni. Niliwatazama, nikingoja. Baba aliniangalia bila hasira yoyote, jambo hilo ninalikumbuka kwa uhakika, akatikisa kichwa taratibu kama alivyozoea.

"Umeliona," alisema.

Nikaketi. Nilikuwa na furaha. Sina njia ya kuliandika hili vizuri zaidi: dada yangu alikuwa na siku tatu kaburini, nami nilikuwa na furaha kwa sababu nilikuwa nimejibu.

Mama aliinuka akaingia kwenye chumba cha pamba. Tulisikia magunia yakiburutwa, kisha mlio laini wa pamba ikimwagika, gunia baada ya gunia. Hakuna aliyeinuka kumzuia. Nilipochungulia nilikuta amemwaga yote katikati ya chumba, lundo moja, safi na fifi, amesimama ndani yake mpaka magotini, anaichanganya kwa mikono. Wiki iliyofuata lori liliporudi, mama ndiye aliyesimama kwenye mizani. Nilimsikia akimwambia mke wa Masunga kwamba gunia moja halikuonekana, lile la mwisho, na wezi hawana aibu hata msibani.

Jumapili ile baba alisoma Neno, akafunga kitabu, akaketi. Jumapili iliyofuata hivyohivyo. Baada ya miezi michache akaomba apumzishwe uinjilisti, akawa anaketi benchi la mwisho, karibu na mlango, mpaka alipozeeka. Betri mpya zilinunuliwa, na jioni tulikaa tena mbele ya redio, mimi peke yangu sasa. Taarifa ikiisha anazima. Mimi nangoja. Yeye anaingia ndani. Kwa muda niliendelea kujibu kimoyomoyo swali lisiloulizwa. Nilieleza jambo hilo kwa namna yangu: nilifikiri nimeliona somo kubwa kuliko yote, na yaliyobaki hayakustahili tena kuulizwa.

Nilikuwa mtu mzima, na mtoto wangu mwenyewe akiwa na malaria, nilipoelewa. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, vitabu vya mitumba vya mnadani, kimoja baada ya kingine, na kimojawapo kilikuwa cha afya. Kilieleza kwamba malaria huja kwa vipindi: baridi, joto, kisha jasho. Jasho likija, mgonjwa hupoa na husema amepata nafuu. Si kupona. Ni kipindi. Niliusoma ukurasa huo mara tatu nikiwa nimemshika mwanangu mkono, kisha nikapanga saa za siku ile kama ninavyozipanga hapa. Lori liliondoka saa nane na nusu. Kwa barabara ya wakati ule lingefika Somanda kabla ya saa kumi na moja jioni. Baba alifika hapo kesho yake karibu na saa tano asubuhi.

Ndipo nilipojua alichosikia baba siku ile uani. Mimi nilisema Mungu bado anatenga. Lakini siku ya lori, kati ya watu wote wa kijiji, waliokuwa wakitenga ni wawili tu, Kabula na yeye aliyesema bado hajamaliza. Nilimrudishia sentensi yake mwenyewe, mbele ya kanisa lake. Naye, ambaye hakuwahi kumnyima mtoto haki ya jibu, akanipa tuzo yangu.

Nilipanga kumwambia. Mara tatu nilifunga safari kwa kusudi hilo, na mara tatu tulizungumzia mvua. Sasa hayupo.

Kanisani bado naenda. Sijui kueleza kwa nini. Labda kwa sababu sijui mahali pengine pa kukaa Jumapili. Lakini wahubiri wa siku hizi wanapotoa somo kwenye ajali ya basi iliyotangazwa jana, au kwenye mafuriko, na watu wanaitikia, mimi hutazama sakafu. Huwaza kwamba ndani ya basi lile kuna mtu aliyeambiwa asubuhi asisafiri, na mwingine aliyemhimiza asafiri. Huyo wa pili labda yuko hai mahali fulani, anasikiliza.

Alasiri ya siku ile mto ulipoanikwa uani, mama aliniambia, "Ufumue huo mto. Pamba imechoka, tuichome." Nikachukua wembe nikakata mshono. Uzi ulikuwa mnene, mshono wa mwanamume, hatua ndefu zisizolingana. Nikaimwaga pamba juu ya turubai.

Ilikuwa imebadilika rangi yote, manjano ya jasho la miaka. Lakini nilipoishika vidole vyangu vilikumbuka kazi kabla yangu. Jani halikuwepo. Ganda la kitumba halikuwepo. Nilifika katikati ya lundo, mpaka kwenye kiwiko, nikachomoa, nikaitazama mwangani. Hakukuwa na takataka hata ya ukubwa wa kucha. Na chini kabisa, imekunjwa vizuri, kulikuwa na kamba ya katani.

Mama, ambaye macho yake sasa yana ukungu, aliinama akaipapasa pamba, kisha kamba. Aliishika kamba ile kwa muda.

"Mimi nikasema wezi," alisema.

Tulikaa pale turubaini, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, na bila kuambiana tukaanza kutenga. Tulichukua donge, tukalitazama, tukaliweka. Lakini hakukuwa na pa kuliweka. Takataka haikuwepo, na rangi ilikuwa moja. Kwa macho ya karani wa zamani yote ilikuwa fifi. Gunia zima lingerudishwa. Hata Kabula asingeweza kuitenga tena.

Mama akaacha mikono yake mapajani. Maisha yake yote sikuwahi kumsikia akiuliza swali lile. Lilikuwa la baba.

"Somo liko wapi?" aliniuliza. Sauti haikuwa na ukali.

"Sijaliona, mayu."

"Zamani uliliona haraka."

Alingoja kidogo, kama wale wazee walivyongoja, kisha akaanza kuirudisha pamba ndani ya mto, konzi baada ya konzi, na mbegu zake. Akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano.